Kila Kilicho Kabla ya Koma

Jumatano, 4 Juni
Dukani, mezani pangu

Dada,

Kuanzia leo sayansi imegawanyika mara mbili: iliyokuwepo kabla yangu, na hii niliyoinyoosha mimi. Nakuambia mapema ili siku wakija kunivisha joho usijifanye umeshangaa. Mpiga picha mwambie tu kwamba upande wangu wa kushoto ndio mzuri.

Ripoti yako ya kuku imefika na dereva wa gari la maziwa, yenyewe ikinuka maziwa. Kurasa kumi na nne za mwandiko wako, ule mwandiko wa mtu anayekimbizwa. Na juu yake kikaratasi: "Bodi ya Chanjo haipokei zaidi ya kurasa kumi. Fanya uwezavyo ienee. Jalada nimeshatia saini, ukimaliza peleka moja kwa moja." Sawa. Mpiga chapa mwingine angekupunguzia herufi mpaka wajumbe wa Bodi wasome kwa darubini. Mimi si mwingine. Mimi ni Kidole Radi, mtaa mzima unajua, hata yule mwanasheria wa ghorofani huniletea kazi zake na kumwacha karani wake anapiga miayo.

Nilikaa nikaisoma. Nikagundua jambo ambalo nyinyi wasomi mmelificha miaka yote. Kila sentensi yenu ina kibaraza mbele, na kibarazani hakuna mtu. "Siku tatu kabla ya hapo," halafu koma. "Tukilinganisha na mabanda mengine," koma. "Hata hivyo," koma. Habari yenyewe iko baada ya koma. Kabla ya koma ni mtu anakohoa, anaweka shati sawa, anauliza watoto hawajambo. Ni salamu, Dada. Bodi nayo inataka salamu za nini?

Nikajiwekea kanuni: kila kilicho kabla ya koma ya kwanza, nje. Nilishuka ukurasa kwa ukurasa kama kinyozi mwenye foleni. Sikugusa kuku hata mmoja. Sikugusa tarakimu. Kila ukweli wako upo, umesimama wima, umechomekea. Kurasa tisa na nusu. Hiyo nusu nimekuachia nyeupe, inapumzisha macho.

Nimeipeleka mwenyewe asubuhi. Katibu wa Bodi aliifungua palepale kaunta, akasoma ukurasa mmoja, akasema, "Hii kwa kweli inasomeka." Hujawahi kusifiwa hivyo tangu uzaliwe.

Hapa kwa Shangazi hatujambo. Anauliza utashuka lini huko juu.

Mdogo wako, mkombozi wa sayansi,
Kidole Radi


Jumatatu, 16 Juni
Ofisi ya Mkuu wa Chanjo

Kwa Mtafiti wa Kuku, Kituoni

Nimeisoma ripoti yako, na Bodi imeisoma. Nanukuu ukurasa wa sita, neno kwa neno:

"Kuku wote wa banda la tatu walichanjwa. Kuku kumi na mmoja walikuwa wanakoroma na kupinda shingo. Wote kumi na mmoja walikufa. Chanjo ndiyo iliyowaua. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia bandani. Tunaliondoa banda hilo kwenye hesabu."

Kwa maneno yako mwenyewe, basi, chanjo yetu imeingiza ugonjwa bandani, imeua kuku, na wewe umeamua kuwaondoa kwenye hesabu ili wasionekane. Nimefanya kazi hii muda mrefu. Nimesoma ripoti mbaya nyingi. Sijawahi kusoma mtu anayejishtaki kwa utulivu namna hii.

Bodi imesimamisha chanjo ya ugonjwa wa mdondo kata zote. Chupa zitabaki kwenye friji. Kikao kijacho ni Jumatano, 9 Julai. Kama una maelezo, yaje kwa kurasa zilezile kumi. Saini iliyoko kwenye jalada ni yako, na kwa sasa ndiyo ninayoshughulika nayo.

Mkuu wa Chanjo


Alhamisi, 19 Juni
Kituoni

Kidole Radi, au sijui nikuite nani,

Nakutumia nakala ya barua ya Mkuu. Kaa chini kwanza. Ukishaisoma, toa mswada wangu ulipoutupa, fungua ukurasa wa tisa, usome nilichoandika mimi:

"Tarehe nane, kuku wote wa banda la tatu walichanjwa. Siku tatu kabla ya hapo, kuku kumi na mmoja walikuwa wanakoroma na kupinda shingo. Baadaye, wote kumi na mmoja walikufa. Kwa macho ya mfugaji, chanjo ndiyo iliyowaua. Kwa ushahidi wa tarehe, ugonjwa ulikuwa umeshaingia bandani. Kwa sababu hiyo, tunaliondoa banda hilo kwenye hesabu."

Umeona ulichokifanya? Unasema hukugusa kuku hata mmoja. Ni kweli, kuku umewaacha wote. Umeondoa ni lini waliugua, umeondoa nani anasema, umeondoa tunajuaje, umeondoa kwa nini. Ukabaki na rundo la mizoga na jina langu juu yake.

Unaita salamu. Haya, nisikilize na hizo salamu. Nikimwandikia tajiri wako wa duka hivi: "Kwa maneno ya mlevi mmoja wa mtaani, mdogo wangu ni mwizi." Chukua kanuni yako tukufu, kata kabla ya koma, umpelekee. Kesho utakuwa unapiga chapa wapi?

Mwanzo wa sentensi si kibaraza. Ndipo ninapomshika msomaji mkono nikamwambia: sasa tunarudi nyuma siku tatu, sasa anayesema si mimi ni mfugaji, sasa nageuka, sasa nahitimisha. Sayansi ni hayo. Idadi ya kuku waliokufa hata mtoto anaweza kuihesabu.

Na usidhani nalilia cheo. Upepo wa kiangazi ukianza, mdondo hushuka nao, na ukiingia kwenye ua wa kuku wasiochanjwa haubakishi. Unajua hilo tangu ukiwa mdogo. Kuku wa Shangazi walikuwa kwenye zamu ya wiki ijayo. Sasa hakuna zamu. Wale kuku ndio kitu pekee alichonacho asichompa mtu mwingine, na wewe unaishi naye nyumba moja, unakula mayai yake.

Kompyuta ya kituo imekufa tangu paa livuje, kwa hiyo sina pa kukimbilia ila kwako, jambo linaloniudhi kuliko yote. Piga chapa upya. Kama nilivyoandika. Sitaki ufundi, sitaki kanuni, sitaki macho ya mtu yapumzike.

Dada yako


Jumapili, 22 Juni
Kwa Shangazi

Dada,

Mimi barua yako nimeisoma mara mbili, nikidhani mara ya pili itakuwa na adabu. Mimi nilikufanyia kazi bure, kwa wino wa duka, nikasemwa na tajiri kwa sababu ya wino huo. Mimi ndiye niliyetembea na ripoti yako mpaka kaunta, jua la kuchemsha yai, ili isikunjwe kwenye mkoba wa mtu. Nani mwingine unaye? Mimi sikuomba shukrani. Mimi nilitegemea angalau "hujambo".

Wewe uliandika "fanya uwezavyo". Hiki hapa kikaratasi chako, nimekibandika ukutani ili nisijisahau nikaanza kukuonea huruma. Wewe hukuandika "usikate". Wewe ulijua vizuri kwamba mimi niliishia kidato cha pili. Wewe ulijua pia ni kwa nini niliishia hapo: nyumbani palikuwa na nafasi ya mmoja kuendelea, na huyo mmoja hakuwa mimi. Sasa leo unanikaripia kwamba sijui koma inafanya kazi gani, kana kwamba siku wanafundisha hiyo koma nilikuwa nimelala. Nilikuwa nasukuma mkokoteni.

Na saini je? Mkuu wako anajua kwamba ulitia saini jalada kabla ripoti haijapigwa chapa? Anajua kwamba mtafiti wake hakuisoma hata mstari mmoja, akamwachia kila kitu kijana wa fotokopi? Hilo naona kwenye barua yako halimo. Umeandika kurasa mbili za matusi ya kisomi, saini hukuitaja. Mimi nimeona.

Mimi nakwambia ukweli mwingine ambao hutaupenda. Mimi ripoti ile nilimsomea Shangazi yote, mwanzo mpaka mwisho, siku ileile nilipoimaliza. Alikuwa kibarazani anachambua mchele. Aliacha kuchambua. Alisema, "Leo ndiyo nimeelewa kazi ya yule binti." Miaka yote unamweleza kwa zile Hata hivyo zako na Kwa kuzingatia zako, mama wa watu anaitikia tu kukuridhisha. Mimi nimemsomea mara moja akaelewa. Mimi sijui sayansi, lakini kama sayansi ni watu kuelewa, tuitane tena tuone nani mtafiti.

Mswada wako upo. Sikuutupa. Nitaupiga chapa, kwa sababu ya Shangazi na kuku wake. Usijipe sifa.

Kidole Radi


Alhamisi, 26 Juni
Kituoni

Mdogo wangu,

Hujambo. Umelipata.

Kuhusu saini: ni kweli. Mkuu hajui. Nilitia saini karatasi tupu kwa sababu gari la maziwa lilikuwa linaondoka na mimi nilikuwa nataka kulala. Tangu siku ile nimekasirika na wewe mara moja na mimi mwenyewe mara mbili, na hasira zote tatu nimekupakia wewe kwa sababu wewe ndiye unayejibu. Kesho namwandikia Mkuu kuhusu hilo. Akinifukuza, nitakuja kusukuma mkokoteni, unionyeshe unavyoshikwa.

Kuhusu shule sitakujibu kwa barua. Siyo kwamba sina jibu. Sitaki lipitie mikononi mwa dereva wa maziwa.

Sasa kazi. Nimechukua rula nikaifunika barua yako, nikaacha neno la kwanza tu la kila sentensi. Hiki ndicho nilichokisoma: Mimi. Mimi. Mimi. Nani. Mimi. Mimi. Wewe. Hiki. Wewe. Wewe. Wewe. Nimeelewa hoja yako yote bila kusoma zaidi: unajipenda na umekasirika. Usicheke, hivyo ndivyo msomaji anavyosoma. Mwanzo unamwambia nani amesimama mbele na tunaelekea wapi.

Funika na ukurasa wangu wa tisa. Tarehe nane. Siku tatu kabla ya hapo. Baadaye. Kwa macho ya mfugaji. Kwa ushahidi wa tarehe. Kwa sababu hiyo. Kuku hujawaona bado, lakini njia umeiona. Mtu akishaiona njia, hata ukimwonyesha mizoga haogopi, anajua ilikotoka.

Hapa nameza kitu kichungu: si kila ulichokata ulikosea. Nimeusoma mswada upya kichwani, na najua nimejaza "Ni muhimu kutambua kwamba", na "Kama inavyofahamika na wengi", na "Katika muktadha huu". Huko ni kukohoa kweli. Nilikuwa najitengeneza nionekane msomi. Hizo kata zote bila huruma. Jiulize hivi: nikiiondoa, msomaji atapotea? Kama hapotei, ilikuwa salamu. Kama anapotea, ilikuwa njia, irudishe. Jedwali la uzito wa mayai nimeliweka mara mbili, moja litoke. Zitafika kumi.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililoninyima chakula cha mchana. Unasema ulimsomea Shangazi na akaelewa. Alielewa nini? Muulize, na uniandikie jibu lake kama alivyolisema. Kama alielewa kile ulichomsomea, basi anaamini chanjo inaua kuku, na hayo ameyatoa kwako, na wewe anakuamini kuliko redio. Mwambie leo ulikata. Usimwambie kesho.

Dada yako


Alhamisi, 3 Julai
Dukani

Dada,

Imeisha. Kurasa kumi kamili, hakuna nafasi hata ya kuweka nukta ya ziada. Nilifanya huo uchawi wako wa rula. Tajiri wa duka alinikuta nimeinama juu ya karatasi, nafunika na kufunua, akauliza kama nimeanza kupiga ramli. Nikamwambia natafuta njia. Akasema njia ya kwenda nje anaijua, anaweza kunionyesha.

Kukohoa kwako nimekukata. Ulikuwa na "Ni muhimu kutambua" nyingi kiasi kwamba nilianza kujiuliza kama kuna chochote duniani ambacho si muhimu kukitambua. Na kuna mahali nimekukamata. Ukurasa wa kumi na moja wa mswada, aya ya pili: sentensi inaanza na "Hata hivyo", na inayofuata inaanza na "Hata hivyo". Umegeuka, halafu umegeuka tena. Mtu akigeuka mara mbili anaangalia kulekule alikotoka. Nilisoma mara kadhaa nikaona ya pili haikuwa kugeuka, ilikuwa sababu ya ile ya kwanza. Nimeandika "Kwa kuwa". Kama nimekosea niandikie matusi. Kama sijakosea niandikie pia, karatasi ninayo.

Bado nimekukasirikia, usidhani rula imeniponya. Kusema umekosea mistari miwili na kunifundisha kurasa mbili si kuomba radhi. Ni darasa. Na lile jibu la shule nalisubiri, lipite kwa dereva au kwa njiwa.

Nimeipeleka kwa Katibu. Safari hii hakusema inasomeka. Aliisoma amesimama, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaendelea, akasahau kwamba nipo. Nikaondoka bila kuaga. Sijui kama ni sifa.

Shangazi hajambo, anakusalimu sana. Jogoo wake amenifanya adui. Kila nikitoka kuoga ananisubiri mlangoni kama mdai. Juzi amenikimbiza na taulo mpaka kwa jirani, na jirani, badala ya kunisaidia, akamuita mume wake aje aone. Ndiyo maisha ya mkombozi wa sayansi.

Kidole Radi


Jumatatu, 21 Julai
Kituoni

Mdogo wangu,

Bodi imeirudisha chanjo. Mkuu ameniandikia mistari miwili. Wa kwanza: "Safari hii nimeweza kukufuata." Wa pili ni onyo kuhusu saini, limewekwa kwenye faili langu, na ninalistahili. "Kwa kuwa" yako ilikuwa sahihi. Nimeiandika hapa ili usidai sikusema.

Ningefurahi, ila leo nimepata orodha ya bwana mifugo wa mtaa wenu. Alipita tarehe kumi na nne. Nyumba zote za upande wenu zimechanjwa isipokuwa ua mmoja. Mbele ya huo mmoja ameandika: "Mwenye nyumba amekataa. Anasema amesomewa ripoti."

Nilikuuliza Shangazi alielewa nini. Ukanijibu jogoo. Nilikwambia umweleze leo, usingoje kesho. Ukanijibu taulo. Nilicheka, nakubali, nikaiweka barua bila kuona kwamba hukunijibu. Unajua kunichekesha na umekitumia hicho.

Sasa sitaki jogoo, sitaki jirani, sitaki tajiri wako wa duka. Nani alimwambia nini, na wewe ulikuwa wapi? Na chanjo bado ipo. Bwana mifugo anaweza kurudi kesho akiitwa. Mwite.

Dada yako


Ijumaa, 8 Agosti
Kwa Shangazi

Dada,

Barua yako nilikaa nayo. Nimeanza kukujibu mara nyingi, na kila nilipoanza, mwanzo ulikuwa mzuri. "Kwa kuwa bwana mifugo alikuja amevaa miwani ya jua na kuongea kama anatangaza mpira." "Kwa kuwa Bodi ilisema hivi, ikasema vile." "Kwa kuwa wewe ulitia saini karatasi tupu." Ungeifunika kwa rula ungenipa alama zote. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na kila mmoja nilikuwa na mwanzo wake tayari. Wewe ulikuwa na minne.

Ilikuwa hivi. Tarehe kumi na nne nilikuwa nyumbani, duka halikuwa na umeme. Bwana mifugo alisimama langoni na kile kisanduku chake cha barafu. Majirani walikuwa nyuma yake na kuku wao kwapani, wamekuja watiwe tone la chanjo jichoni palepale njiani. Na yule mwanasheria wa ghorofani alikuwa anapita. Shangazi alishika komeo.

Bwana mifugo akasema, "Mama, fungua, ni dakika mbili tu."

Shangazi akasema, "Mimi na wewe hatugombani. Lakini kuku wangu hawaguswi."

"Mama, Bodi imesahihisha ile habari."

"Hiyo Bodi mimi siijui. Ninayemjua ni mwanangu huyu. Amesomewa na nani? Hakusomewa na mtu, amesoma mwenyewe, amepiga chapa kwa mkono wake, na ripoti ni ya dada yake." Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Eti, baba, si ulinisomea kwamba chanjo ndiyo iliyowaua?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Ningeweza kusema, "Shangazi, nilikata." Ni maneno mawili. Lakini mtaa mzima ulikuwa pale, wale wanaoniita Kidole Radi, na Shangazi alikuwa ananiangalia kama vile wewe ulivyokuwa ukiangaliwa siku za kufunga shule. Mimi sikuwahi kuangaliwa hivyo. Nikaitikia kwa kichwa.

Bwana mifugo akaandika kwenye orodha yake, akahamia kwa jirani.

Barua yako ilipofika bado palikuwa na muda, najua. Ulisema nimwite. Nilimwendea mpaka mlangoni kwake, nikarudi. Kumwita maana yake ni kumweleza Shangazi kwa nini amekuja tena.

Upepo ulianza mwisho wa mwezi. Tarehe mosi kuku mmoja alianza kukoroma. Juzi nimezika wa mwisho nyuma ya choo. Ua uko kimya mpaka unaogopa kuweka sufuria chini.

Najua utakachoniuliza, utaniuliza najuaje. Shangazi anasema ni upepo, mwaka wa upepo mbaya. Nilitamani kukubali. Lakini upande wa pili wa uzio, jirani alifungua siku ileile, kwa bwana mifugo yuleyule, na upepo ni uleule. Kuku wake wanachakura mpaka sasa, nawasikia nikiandika. Kwa hiyo si upepo.

Kwa sababu nilitaka kusifiwa, nilimsomea kitu nilichokikata. Kwa sababu niliona aibu kusema nilikata, niliitikia kwa kichwa. Kwa sababu niliitikia, hakufungua lango.

Sijamwambia. Asubuhi hii alikuwa anafagia manyoya, akaniita, akanishika bega. Ananishukuru, Dada. Anasema angalau mimi nilimzuia asiwatie sumu kwa mkono wake mwenyewe.

Mdogo wako